Kaburi Lisilotitia

Busisi, Sengerema
12 Februari 1995

Shemeji Pius,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, na barua zetu zinachukua wiki mbili njiani, kwa hiyo naitikia kabisa tusipoteze muda. Sisi ni wazima, isipokuwa Mama. Miguu imevimba na pumzi inamkatika akitembea. Daktari amesema ni moyo, tusimchoshe. Lakini mama yako unamjua, hachoki yeye, hutuchosha sisi.

Nakuandikia kwa sababu ya kaburi la kaka yako. Mama anataka lijengewe kwa saruji kabla hajafa, naye aachiwe nafasi yake pale pale, miguuni pa mwanawe. Saruji ipo. Tangu biashara ifunguliwe duka la hapa lina kila kitu. Zamani tulipanga foleni ya sabuni, siku hizi tunapita dukani tukaitazama tu. Basi Jumatano alikuja fundi Mayala. Akalizunguka kaburi mara mbili, akachomeka nondo ubavuni, akaniambia, "Mwalimu, hili halijatitia."

Desturi unaijua. Kaburi huachwa kwanza. Sanduku linaoza, udongo unashuka, mnajaza, unashuka tena, mnajaza. Likishatulia ndipo linajengewa, la sivyo saruji hupasuka. Kwa kawaida ni masika mawili au matatu. Mtoto wa jirani aliyezikwa mwaka juzi ameshajazwa udongo mara mbili. Mume wangu Luhaga ana miaka kumi na tatu kaburini na tuta lake liko vile vile tulivyoliacha. Mimi nilikuwa nimeliona siku nyingi, nikajifanya sijaliona.

Mama hakushangaa hata kidogo. Anasema Luhaga humjia. Husimama mlangoni nguo zikiwa zimelowa, akikaribishwa kiti hakai. "Mwanangu hajakubali kulala," ndivyo anavyosema, na kila asubuhi hujikokota mpaka pale na kibuyu cha maji na unga wa mtama, akammwagia na kumbembeleza kama mtoto aliyesusa kula.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la sita, nisingepaswa kuwa mtu wa ndoto. Lakini nina swali ambalo sikuwahi kukuuliza. Sanduku lilifika limepigwa misumari, na barua ya Shirika lenu la mafuta ikasema lisifunguliwe. Sisi hatukumwona. Wewe ulimwona. Alikuwaje?

Nimesikia redioni kwamba nchi ina gesi nyingi huko pwani ya kusini mlikokuwa mkichimba. Mwambie mkubwa wako kwamba walimu wa Busisi wanasahihisha madaftari kwa koroboi.

Ni mimi shemeji yako,
Dorcas


Dar es Salaam
1 Machi 1995

Shemeji Dorcas,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Nimesikitika sana kwa habari za Mama. Dawa za moyo nitamtumia kwa mtu anayekuja Mwanza wiki ijayo.

Kuhusu gesi, umegusa kazi yangu yenyewe. Ni kweli ipo. Tuliigundua zamani ikakaa, kwa kuwa visima tulichimba ila nchi haikuwa na uwezo wa kuitoa na kuileta mjini. Sasa ofisi yetu imebanwa na mgao wa umeme upande mmoja na wakopeshaji upande wa pili. Wakopeshaji wanaleta wataalamu wao mwezi wa sita, na mimi nimepewa kazi ya kuandaa jedwali la gesi tuliyo nayo chini ya ardhi ikilinganishwa na pato la nchi nzima kwa mwaka.

Nikueleze kinyumbani. Mtu mwenye ng'ombe mia tano akiongezewa ng'ombe kumi, hata mchungaji wake anaweza asitambue. Lakini mwenye mbuzi wawili akipewa ng'ombe kumi, huyo anahama ukoo. Kuna nchi zina gesi nyingi kupita yetu mara nyingi mno, lakini kwao ni nyongeza ndogo. Kwetu ni ng'ombe kumi kwa mwenye mbuzi wawili. Kila nikiandika hesabu hiyo naweka kalamu chini, na si kwa furaha peke yake, kwani tuliitafuta gesi hiyo kwa roho za watu, na kaka yangu ni mmoja wao.

Kaburi lisikusumbue. Pale kwetu ni karibu na maji, udongo una mchanga mwingi, na mchanga hautitii. Mwambie Mayala ajenge tu. Asichimbue kitu.

Umeniuliza alikuwaje. Alikuwa amelala vizuri, Shemeji. Uso wake ulikuwa umetulia.

Wako,
Pius


Busisi
19 Machi 1995

Pius,

Dawa zimefika, Mama amezimeza na anakuombea.

Uliondoka hapa ukiwa kijana mdogo lakini sidhani kama umesahau udongo ulioufinyangia ng'ombe. Pale kaburini ni mfinyanzi mtupu. Mvua ikinyesha viatu hubaki nyuma mguu ukatangulia. Mchanga uko ufukweni, na hatukumzika ufukweni.

Na kwa kuwa umenifundisha ng'ombe na mbuzi, na mimi nikufundishe ninachowafundisha watoto wangu. Ukigawanya, jibu hukua kwa njia mbili, ama kigawanywa ni kikubwa, ama kigawanyo ni kidogo. Jedwali lako linang'aa kwa sababu gesi ni nyingi, au kwa sababu sisi ni maskini? Gawanya samaki mmoja kwa mtoto mmoja uone anavyoonekana tajiri. Hapa viwanda vya Mwanza vinachukua sangara, minofu inapanda ndege, sisi tunanunua mapanki, kichwa na mifupa, tunakaanga na kumshukuru Mungu. Nadhani na hao huingizwa kwenye pato la nchi. Usikasirike, najua unafanya kazi yako.

Sasa jambo lililoniandikisha. Baba yenu mdogo, Mzee Luhende, alikuja Jumapili akakaa na Mama mchana kutwa. Yeye ana maelezo yake. Anasema ukoo wenu una upande wa kuelekezea kichwa cha maiti, na siku ile sanduku lilikuwa na ncha mbili zilizo sawa, limepigwa misumari, hakuna aliyejua kichwa kiko wapi. Huenda tulimgeuza. Mtu aliyelazwa kinyume hawezi kulala. Na tena akakumbusha jambo ambalo wote tulilijua tukalinyamazia. Sanduku lile lilikuwa zito kupita kiasi. Walibadilishana wanaume wanane kutoka kivukoni mpaka nyumbani, wakati Luhaga ulimjua, upepo wa ziwa ukivuma nilikuwa namwambia ashike mlango. Wazee walisema maiti mzito ana kinyongo.

Wameamua kwamba baada ya mavuno kaburi lifunguliwe, ageuzwe, kisha lijengewe. Mtendaji wa kata ameshaambiwa. Mama amefurahi kiasi kwamba juzi alikula ugali ukaisha. Anasema ataomba wamfunulie sanda kidogo tu, amwone hata mkono.

Wewe ndiye uliyekuwa na sanduku kuanzia huko. Njoo utuonyeshe kichwa kilikuwa upande gani.

Dorcas


Dar es Salaam
6 Aprili 1995

Shemeji,

Nakusihi, zuia jambo hilo. Kichwa kilikuwa upande wa mlima, kama inavyotakiwa. Nilihakikisha mwenyewe. Mwambie Baba Mdogo hakuna kosa lililofanyika. Miaka kumi na tatu ni mingi, na wafungue nini? Mama ana moyo mbovu, atasimama juu ya shimo aone kitu ambacho mzazi hapaswi kukiona. Hebu fikiri.

Kuja siwezi. Hapa ofisini ni moto. Wataalamu wa wakopeshaji wametanguliza barua. Wanasema hawahesabu gesi ambayo hawajaona ushahidi wake. Nikueleze. Tulipokuwa tukichimba, mashine ilikuwa ikitoa mwamba wa chini kabisa ukiwa mzima, vipande vya mviringo, vinene kama mchi. Jiwe lile ukilitazama ni jiwe tu, lakini lina vitundu visivyoonekana, na gesi imekaa humo kama maji yanavyokaa kwenye udongo wa mtungi. Ukipima jiwe unajua mtungi wote una kiasi gani. Bila mawe, wanakata hesabu karibu nusu.

Na mawe ya tabaka lililo bora kuliko yote, ya kile kisima cha mwisho, hayaonekani. Masanduku manne. Bohari limepekuliwa mara tatu. Kitabu cha mwaka 1982 kinaonyesha mtunza mawe aliyeyapokea ni mimi, na baada ya sahihi yangu hakuna sahihi nyingine. Mkubwa wangu hanisemi vibaya, ananitazama tu. Jedwali langu lina mstari mmoja mtupu katikati.

Silali vizuri. Si tangu barua hizo, ni tangu tulipopanda treni ile na marehemu. Siku tatu nilikaa kwenye behewa la mizigo, na kila treni ilipopinda nilisikia kitu kikigonga ndani ya sanduku. Tulipofika Tabora nilitoka nikanunua magunia nikalifunika. Bado nilisikia. Hata leo nikiwa mezani mtu akiweka kikombe kwa nguvu, naisikia treni ile.

Tafadhali, lisifunguliwe.

Pius


Busisi
20 Aprili 1995

Pius,

Nimeisoma barua yako mara nne, nikaenda darasani nikafundisha uwiano, nikarudi nikaisoma tena.

Maiti hagongi.

Siri ya mtungi aijuaye kata, nami leo nakuuliza wewe uliye kata. Ndani ya sanduku lile mna nini? Niandikie kabla ya mavuno. Usiniandikie juu ya mbuzi na ng'ombe.

Dorcas


Dar es Salaam
2 Mei 1995

Shemeji Dorcas,

Luhaga hayumo.

Nimeandika sentensi hiyo nikakaa nayo saa nzima. Acha niendelee kabla ujasiri haujaniisha.

Tulikuwa kisiwani. Chakula na barua vililetwa kwa mashua kutoka bara, na tulikwenda kuvipokea kwa zamu. Jumanne ile zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na uvivu, Shemeji. Nilisema kichwa kinaniuma, na hakikuniuma. Luhaga akacheka, akasema mimi ni homa ya malaria iliyovaa suruali, akaenda yeye. Wakati wa kurudi mashua ilikuwa imebeba mabomba, ikapinduka mkondoni. Waliopona walisema walimwona akiogelea. Hawakumwona akifika.

Tulitafuta siku tisa. Siku ya nne simu ya maandishi ilitoka nyumbani: MAMA ANASEMA MLETENI MWANAWE. Mkubwa wetu wa huko, mtu mwema, akaagiza sanduku kwa kuamini mwili utapatikana. Siku ya tisa akaniambia niende nyumbani nikaseme ukweli, na sanduku libaki. Mimi nikakaa na sanduku lile usiku mzima nikiwaza. Niliona uso wa Mama nikifika mikono mitupu. Asiyezikwa husubiriwa, Shemeji. Nilimwona Mama akizeeka huku akitazama kivuko. Nilikuona na wewe, miaka ishirini na tisa, si mke wala mjane.

Nilikuwa na ufunguo wa bohari. Nikachukua masanduku manne ya mawe. Ningeweza kujaza mchanga peke yake, lakini sikuweza kumpeleka Mama mchanga. Mawe yale Luhaga aliyatoa mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akiyapokea kwenye mashine, anayaosha, anayafuta kwa kitambaa, ananipa niandike namba. Alikuwa ameyashika wiki ile ile. Nikaona kwamba kama kuna kitu cha kaka yangu duniani, ni hicho. Nikayapanga, nikaweka nguo zake za kazi juu, nikashindilia mchanga wa kisiwani mpaka juu yasigonge, nikapiga misumari. Barua ya kukataza lisifunguliwe niliiandika mwenyewe. Mchanga ulitulia njiani, yakagonga hata hivyo.

Sasa umejua kwa nini halititii.

Naomba msamaha, na najua siombi kitu kidogo. Na naomba jambo la pili, ambalo litakufanya unichukie. Kama ni lazima lifunguliwe, niletewe mawe yale. Wataalamu wanafika tarehe kumi na tisa Juni. Nusu ya gesi ya nchi hii, kwa hesabu ya karatasi, imelala nyuma ya nyumba ya mama yangu. Unaweza kumwambia Mama kwamba mwili umeoza wote yakabaki mawe yaliyowekwa kuuzuia usisogee. Sijui. Wewe ni mwerevu kuliko mimi.

Pius


Busisi
4 Juni 1995

Pius,

Nilikuandikia barua tatu nikazichana. Hii ni ya nne, na nimeiandika nikiwa mtulivu kiasi nilichoweza.

Mwaka 1987 Mwalimu Chenge aliniposa. Ulikuwa hujui. Mtu mpole, mjane kama nilivyodhani mimi ni mjane. Nilimkataa kwa sababu kila nikifungua dirisha nililiona tuta lile, na niliona haya. Niliyaonea haya mawe. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Sasa ana watoto watatu kule Geita, na kila wakipita kwenda Mwanza nawapa maji ya kunywa. Nakuambia ili ulijue, si ili ulie.

Lililoniuma zaidi ni kwamba hukuwa na sababu. Babu yenu Nkwabi mwanawe alipozama hapa hapa ziwani, hawakumpata. Walizika kasia lake. Watu wote walijua ni kasia, wakalililia kasia, wakakaa matanga, mambo yakaisha. Ungekuja na nguo zake za kazi mkononi ukasema, "Mama, hizi ndizo nilizopata," tungezizika na leo kaburi lingekuwa limetitia. Kusoma kwingi kulikusahaulisha jambo ambalo mchunga mbuzi wa hapa analijua.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Nilimwendea Mzee Luhende nikamwomba aache. Akakataa, ruhusa ya mtendaji ilikuwa mfukoni mwake. Nikaona siku zinakwisha. Mama asimame pale mbele ya kijiji, asubiri kufunuliwa mkono wa mwanawe, aonyeshwe jiwe lenye namba? Hapana. Alhamisi nilimwosha miguu nikamwambia yote. Nilimsomea barua yako, kuanzia "Luhaga hayumo" mpaka mwisho. Uvivu wako nao niliusoma, nisamehe au usinisamehe.

Hakulia. Aliniambia, "Rudia pale pa kuogelea." Nikarudia. Akasema, "Haya, wachimbe."

Ijumaa wamechimba. Mbao zimeliwa na mchwa pembeni lakini ndani mchanga wako umesimama kama ulivyoushindilia. Mayala alipotoa jiwe la kwanza watu walirudi nyuma. Rangi ya namba bado inasomeka. Mzee Luhende alikaa chini akauliza kwa sauti ndogo ni mwaka gani huu. Nguo za kazi hazikuwepo tena, vifungo tu, vitano, ninavyo mimi.

Mawe nimeyafuta kwa kitambaa moja moja, nikayafunga kwenye magunia ya pamba ya chama cha ushirika, ambayo siku hizi hayana kazi nyingine. Nimeyapeleka mwenyewe stesheni ya Mwanza leo asubuhi. Vipande thelathini na sita. Hakuna kilichobaki hapa. Jaza mstari wako.

Dorcas


Dar es Salaam
30 Juni 1995

Shemeji mpendwa,

Sijui nianzie wapi. Mawe yalifika tarehe kumi na tatu, yote thelathini na sita. Yalipofunguliwa niliyapanga mwenyewe kwa namba. Mkubwa wangu aliuliza yalikuwa wapi. Nikasema, "Nyumbani kwetu." Akanitazama, akaona asiulize la pili. Nadhani atalisema siku nyingine na nitaadhibiwa, na adhabu hiyo naisubiri kwa hamu.

Wataalamu wameyapima. Wamelikata moja, wamelipitisha kwenye mashine, wakaitana. Mwamba ni mzuri kuliko walivyotarajia. Wamekubali hesabu yote, hawakukata nusu. Jedwali limekamilika. Kwa wingi wa gesi tupu sisi bado ni wadogo, lakini ukigawanya kwa pato la nchi, tunapanda ngazi nyingi sana. Ulichosema kuhusu kigawanyo nimekiandika kama maelezo chini ya jedwali. Wamekifuta, lakini niliandika.

Nataka uamini kwamba Luhaga sasa yumo katika jambo kubwa. Taa zikiwaka siku moja mpaka Busisi, zitakuwa zimewashwa na mawe aliyoyafuta yeye. Mwambie Mama hivyo. Juzi nimelala usingizi wa kwanza tangu mwaka ule, bila kugongwa na kitu.

Hukunieleza Mama amelipokeaje baadaye. Ninashukuru kwamba alikuwa na nguvu. Nilimdharau miaka yote hii. Nilidhani ukweli ungemuua. Kumbe angeweza kuubeba. Kaburi sasa lifunikwe, na nafasi yake iandaliwe pale alipotaka. Nikipata likizo mwezi wa nane nitakuja kupiga magoti.

Pius


Busisi
16 Julai 1995

Pius,

Nafurahi kwamba unalala. Nasema kweli, nafurahi. Mmoja wetu ameupata usingizi.

Mama hakuubeba ukweli kama unavyodhani. Umeniuliza, nami sitakuficha, kuficha kumeshatumaliza.

Jioni ile ile walipomaliza kuchimba, Mayala alichukua koleo arudishie udongo. Mama akamzuia. Akasema shimo si la mtu yeyote, liachwe. Nikadhani ni uchungu. Kesho yake nilimwomba tuzike shati la Luhaga, lile la kijivu ninalolitunza, kwa desturi kama ya lile kasia. Mzee Luhende naye alimwomba. Mama akatujibu mbele ya watu, "Mnataka kumzika mara ya pili mtu ambaye hamkumzika mara ya kwanza."

Pius, anasema yu hai. Ana hoja zake, na mimi mwalimu nimeshindwa kuzivunja. "Kama walinificha hili," ananiambia, "wamenificha na lingine. Walimwona akiogelea. Nani alimwona akizama?" Alipokuwa na kaburi lisilotulia, alikuwa na mwana aliyekufa ambaye hakulala vizuri. Alimbembeleza, akamwagia unga, na kwa namna yake alikuwa naye. Sasa hana maiti. Ana mtu aliyechelewa. Ile ndoto ya mlangoni nayo ameifasiri upya, kwamba alikuwa amelowa kwa sababu ametoka majini, na hakukaa kwa sababu ana safari.

Unga hamwagi tena. Ameacha pia dawa ulizomtumia, kwa kuwa zinamletea usingizi naye hataki kukutwa amelala. Kila kukicha huvaa gauni la kanisani, huenda kivukoni kwa mwendo wa kusimama na kupumzika, hukaa juu ya jiwe la kufungia kamba tangu kivuko cha kwanza mpaka cha mwisho. Mabaharia wanamheshimu, wamemtafutia mwavuli. Kila kikitia nanga anatazama uso wa kila mwanamume anayeshuka. Wa miaka arobaini na minne, kwani miaka yake ameihesabu vizuri, anajua hawezi kurudi akiwa kijana. Kuhusu kuzikwa hataki kusikia. Anasema hawezi kufa mwanawe wa kwanza akiwa njiani, nani atamshika miguu siku ya kumzika?

Ulichokikimbia miaka ile ndicho kilichotufikia. Hukukizuia, ulikiahirisha. Nami ndiye niliyekisoma kwa sauti, huku nikimwosha miguu, kwa hiyo sikulaumu peke yako.

Na nina la kukiri. Shule yetu unajua ilipo, honi ya kivuko husikika darasani. Miaka kumi na tatu nimeisikia bila kuisikia. Jumanne nilikuwa ubaoni, honi ikalia, nikaacha hesabu katikati nikaenda dirishani. Nilijikuta nimesimama pale na chaki mkononi, nikitazama watu wanavyopanda mlima. Nilirudi ubaoni sikukumbuka nilikuwa nagawanya nini kwa nini. Ijumaa nikaenda tena. Shati la kijivu nimelifua nikalipiga pasi, na sitaki uniulize kwa nini.

Taa zako zikija, sawa, zije. Lakini usingoje mwezi wa nane. Panda treni ya kwanza unayoweza, Mama anaisha pale kivukoni na atakufa akiwa ametazama maji. Njoo upige magoti akiwa bado anaweza kukuona.

Jambo moja tu, na ulishike. Ukiwa bado kwenye kivuko, kabla hakijatia nanga, simama mbele uite jina lako. Liite kwa nguvu, Pius, Pius, mpaka sote tulisikie. Siku hizi umenenepa kidogo na nywele zimeanza kuota mvi, nimeona kwenye picha uliyotuma Krismasi. Wewe na kaka yako mmefanana mno.

Dorcas